Bega Langu Limefunguka

Maumivu ya bega huzidi usiku. Mchana nilikuwa nayamudu: nafundisha, napika, napokea wageni. Usiku nikijigeuza tu na kulalia ubavu wa kulia, nashtuka nimeushika mkono, machozi yananitoka. Nilikuwa nimevuka miaka hamsini, mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na kisukari nilishaishi nacho miaka mingi. Sikuwa nimeanguka wala kubeba mzigo. Bega lilianza kuuma lenyewe, likaenda hivyo miezi kadhaa, kisha likaanza kukaza.

Huko kukaza ndiko kulikonitia hofu. Kufunga vifungo vya mgongoni nikawa siwezi. Kuvaa gauni, mpaka binti yangu anisaidie kuupitisha mkono. Katika sala, ikifika takbira, mkono wa kushoto unafika usawa wa sikio, wa kulia unaishia kifuani. Darasani niliandika nusu ya chini ya ubao peke yake, na wanafunzi wa nyuma wakawa wanasimama ili waone. Nilianza kuwaza kuacha kazi kabla ya muda wa kustaafu, na wazo hilo lilininyima raha kuliko maumivu yenyewe.

Si kwamba sikuwa nimetibiwa. Zahanati moja ilinipa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua, ikanitaka nisiutumie mkono. Nikauning'iniza kwa kanga shingoni, nao ukazidi kukakamaa. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa mizima. Nikaelekezwa kwa mkandaji anayesifika mtaani, akauvuta mkono juu kwa nguvu zake zote. Usiku ule sikupata usingizi, na bega likaendelea kuwaka kwa siku nyingi.

Aliyenionyesha njia ni muuguzi wa kliniki ya kisukari. Alitaka kunipima presha, akaniambia ninyooshe mkono aufunge mkanda wa mashine, akaona nanyanyua bega zima pamoja na shingo. Akaniuliza hali hiyo imeanza lini. Siku hiyohiyo daktari akaniandikia karatasi ya kwenda fiziotherapia.

Chumba chenyewe kiko mwisho wa ujia wa hospitali. Kuna kitanda, kioo kirefu, ngazi fupi za mbao, vyuma viwili vya kushikilia wanaojifunza kutembea upya baada ya kiharusi, na kamba iliyopitishwa kwenye kapi juu ya mlango. Mtaalamu alikuwa kijana aliyesomea KCMC, Moshi. "Shikamoo Mwalimu," akanisalimia, kisha akakaa chini kunisikiliza. Hakuligusa bega mpaka nilipomaliza kueleza.

Alinikalisha, akanitaka nikunje viwiko vyote viwili, nivibane mbavuni, halafu nigeuze mikono nje. Wa kushoto ulikwenda mbali. Wa kulia ukagoma palepale ulipoanzia, au karibu na hapo. Akaushika yeye mwenyewe, akaugeuza taratibu huku mimi nimeulegeza kabisa. Ukagoma mahali palepale. "Jibu liko hapa, Mwalimu," akasema. Kama ingekuwa kano imechanika, alinieleza, mimi ningeshindwa kuunyanyua mkono lakini yeye angeweza kuupeleka. Mkono unaogoma kwa mwenyewe na kwa anayeushika, na eksirei haionyeshi kiungo kilicholika, hapo ni bega lililoganda. Akachukua goniomita, kile kipimo chenye mikono miwili cha kupimia pembe ya kiungo, akaandika: kugeuka nje, kulia nyuzi 15, kushoto nyuzi 70.

Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko mwembamba. Kwa mtu mzima wa afya mfuko huo una mikunjo iliyolegea upande wa kwapani, ndiyo inayoacha mkono upande mpaka juu ya kichwa. Katika ugonjwa huu mfuko unavimba, unakuwa mnene, unajikaza kama nguo iliyorudi baada ya kufuliwa, na mkono haupati tena nafasi ya kuzunguka. Jina la bega lililoganda lilitolewa na daktari mpasuaji wa Boston, Ernest Codman, mwaka 1934; mwaka 1945 mwenzake Julius Neviaser akaonyesha kuwa tatizo liko kwenye huo mfuko. Huwapata zaidi wenye umri wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari mara nyingi zaidi kuliko wasio nacho. Nilihudhuria kliniki miaka yote hiyo nikiulizwa macho, figo na miguu. Bega sikuwahi kulisikia likitajwa, na jambo hilo linaniuma hadi leo kwa ajili ya wenzangu niliokaa nao kwenye mabenchi yale.

Ugonjwa una awamu tatu: ya maumivu, ya kukaza, na ya kulegea. Zote kwa pamoja zinaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Kijana hakunificha hilo, nami namshukuru. Alichonipa ni utaratibu wa kila awamu, na la kwanza lilikuwa katazo: mtu yeyote asiuvute mkono kwa nguvu. Akanitajia utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2004 kwa wagonjwa 77. Kundi moja lilifanyishwa mazoezi makali ya kupita kiwango cha maumivu, jingine likafanya mazoezi mepesi yasiyovuka maumivu na kuendelea na shughuli zake. Baada ya miaka miwili, asilimia 89 ya wale wa upole walikuwa wamepona au kukaribia kupona. Wale wa nguvu, asilimia 63. Nikamkumbuka mkandaji.

Kwa kuwa nilikuwa bado na maumivu makali, daktari alinichoma sindano moja ya steroidi ndani ya kiungo. Niliagizwa nipime sukari kila asubuhi, kwa sababu dawa hiyo huipandisha kwa siku kadhaa. Ilipanda kweli, kisha ikashuka. Usingizi ukarudi, na hapo ndipo mazoezi yakawezekana.

Nilianza na zoezi linaloitwa kwa jina la Codman. Unainama, mkono mzima umeegemea meza, mkono mgonjwa unauachia uning'inie, halafu unayumbisha kiwiliwili ili mkono uzunguke wenyewe. Siri iko hapo: bega halifanyi kazi yoyote. Uzito wa mkono unakivuta kichwa cha mfupa kidogo chini, kiungo kinapumua. Watu wengi huuzungusha mkono kwa misuli ya bega, wakadhani wamefanya zoezi lilelile.

Kisha zikaja siku za mikono yake. Nilikuwa nalala chali. Kiganja kimoja alikiweka karibu na kwapa, kingine kikalishikilia kombe la bega lisihame. Akaanza kusukuma kichwa cha mfupa chini, na siku nyingine nyuma, mwendo mdogo wa kwenda na kurudi ambao aliyesimama mlangoni asingeuona. Aliniambia mwendo huo una madaraja manne, yaliyopangwa na Geoffrey Maitland wa Australia: mawili ya mwanzo ni mepesi, ya kutuliza maumivu, mawili ya mwisho yanafika hadi pale kiungo kinapogoma, kuufanya mfuko ulegee. Kwa wiki nyingi nilibaki kwenye yale mawili ya mwanzo. Alipoingia la tatu nilihisi mvuto mzito ndani kabisa, mahali ambapo dawa ya kuchua haifiki.

Jambo lililonibadilisha zaidi ni kipimo alichonifundisha cha maumivu. Zoezi likiuma kidogo, na maumivu yakatulia muda mfupi baada ya kuacha, mwili unalipokea. Yakibaki mpaka usiku, au bega likiwa gumu zaidi kesho yake, nimezidisha; nipunguze, nisiache. Kabla ya hapo kila maumivu kwangu yalikuwa onyo kwamba kitu kinaharibika, na kwa hofu hiyo niliuficha mkono. Mwenye maumivu ya muda mrefu anahitaji kuambiwa hili kwa utulivu, na mtu aliyeuona mkono wake.

Nyumbani vifaa vilikuwa mpini wa ufagio, kanga na ukuta. Nalala chali na mpini mikononi, mkono mzima unausukuma mgonjwa kwenda nje. Nasimama nikitazama ukuta, natambaza vidole kwenda juu, pale vinapokoma naweka alama ya chaki. Naipitisha kanga mgongoni, mkono wa juu unauvuta wa chini polepole. Kabla ya kuanza naweka taulo la maji ya uvuguvugu, na binti yangu ndiye anayepima joto lake, maana kisukari kinaweza kupunguza hisia za ngozi na mtu akaungua bila kujua.

Katikati ya safari ndugu yangu aliyeko Muscat alitaka kunitumia nauli nikafanyiwe upasuaji nje. Nilimuuliza kijana. Akanieleza jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2020, lenye washiriki 503, lililolinganisha fiziotherapia pamoja na sindano, kunyooshwa bega chini ya nusukaputi, na upasuaji wa kukata mfuko. Baada ya mwaka mmoja hakuna njia iliyoonekana kuishinda nyingine kwa tofauti kubwa ya maana kwa mgonjwa. "Upasuaji upo, Mwalimu, tukikwama tutauomba," akasema. Ndugu yangu nikamwambia asubiri.

Hatukukwama. Ulipita mwaka na zaidi. Goniomita sasa inasoma nyuzi 60 kugeuka nje, na alama za chaki zilipanda mpaka juu ya fremu ya mlango. Takbira inafika sikioni mikono yote. Ubao nauandika kuanzia juu. Mkono wa mgongoni bado haujafika ulipokuwa zamani, na kanga sijaiacha. Wenye kisukari tunaweza kupatwa na bega la pili, kwa hiyo mazoezi nayafanya pande zote mbili.

Kwenye kliniki tumekubaliana na muuguzi yule. Kabla ya kuanza kupima, anawaomba wagonjwa wote walio benchini wakunje viwiko, wavibane mbavuni na kugeuza mikono nje. Haichukui hata dakika. Anayegoma upande mmoja anaandikiwa karatasi ya fiziotherapia siku hiyohiyo, na akinikuta hapo namsindikiza mpaka mlangoni.