Kuoa na Kuolewa

Sisi tufundishao Kiswahili mjini Juba hupendezwa na nafsi ya tatu umoja isiyobagua jinsia: "yeye" ni mume au mke, sawa na "uo" katika Kiarabu cha Juba. Kitenzi "oa" ndicho hutukwaza. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, katika kauli ya kutendwa, na katika jamii nyingi nchini mahari huhesabiwa kwa ng'ombe. Mkataba wa amani wa 2018 uliwatengea wanawake asilimia 35 ya nafasi katika serikali ya mpito. Mwaka 2020 Rebecca Nyandeng de Mabior akawa mmoja wa makamu wa rais. Sarufi haikutikisika. Wanafunzi wetu wa kike huuliza mbona wasiseme "nimemwoa". Twawapa "tumeoana", kauli ya kutendana, ambamo wote wawili ni watendaji. Kisha, kwa ajili ya mtihani, twawarudisha kwenye "nimeolewa".