Breketi zisizo na kazi chini ya pikapu

Nilikuwa nakimbizana na habari za watu wengine, kijiwe chetu kikapoa. Leo twende uvunguni mwa gari, maana huko ndiko nilikomalizia Jumamosi yangu.

Mjomba kanunua pikapu, Hilux ya mtumba, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Anataka kubebea mpunga na, tuseme ukweli, abiria wawili watatu juu ya magunia. Fundi akaikagua kwa chini, akakuta breketi tano ambazo hazijashika kitu chochote.

"Mzee, hizi urembo tu. Tupitishe grenda, tubakize moja ya nyuma ya kufungia kamba ukinasa kwenye tope."

Mjomba akanigeukia. "Wewe mjomba si unalipwa kuuliza maswali? Haya, uliza."

Nikachukua tochi. Bahati nzuri gereji ilikuwa na Hilux nyingine ya umri uleule, ila hiyo inavuta kwa magurudumu yote manne. Nikawa nalala chini ya hii, nahamia chini ya ile, nalinganisha.

Mbili za mbele zilijieleza upesi. Kwenye ile nyingine, breketi kama hizo zimebeba difu ya mbele. Kumbe kiwanda hakitengenezi chasisi mpya kwa kila aina ya gari. Kuanzia mwaka 2004, Toyota iliziunda Hilux, Innova na Fortuner kutoka kwenye msingi mmoja wa chasisi. Ukizalisha magari mengi namna hiyo, ni nafuu kuacha breketi ambayo gari fulani halitaitumia kuliko kuwa na chasisi tofauti kwa kila mteja.

Mbili nyingine ni ndoano zenye tundu refu, hazina nyuzi za bolti. Hizi ni za safari. Magari mnayoyaona yakishuka bandarini Dar husafiri ndani ya meli yakiwa yamefungwa mikanda sakafuni, yasigongane bahari ikichafuka. Ndoano ya namna hii ni ya kulituliza gari mahali pamoja. Kulinasua gari kwenye tope ni kazi nyingine kabisa. Ikivutwa kwa kishindo inaweza kung'oka, na chuma kinachoruka na kamba iliyokazwa kinaua mtu. Pa kufungia kamba pameonyeshwa kwenye kitabu cha gari.

Ya tano, iliyo kwenye ekseli ya nyuma, ndiyo iliyoninyima raha. Zile za mbele rangi ya kiwandani ilikuwa imejaa kwenye nyuzi, maana yake bolti haijawahi kuingia. Hii nyuzi zake zilikuwa zinang'aa, na alama ya duara ya washa inaonekana wazi. Hapa palikuwa na kitu, na kuna mtu alikitoa.

Kwenye Hilux ya pili nikakiona: fimbo nyembamba ya chuma inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali ya breki juu ya chasisi. Gari likipakia mzigo, bodi inashuka, fimbo inaisukuma vali, breki za nyuma zinapata nguvu zaidi. Likiwa tupu, nguvu inapunguzwa ili matairi ya nyuma yasijifunge na gari likayumba. Ya mjomba vali ilikuwepo, mkono wake unaning'inia tu. Kwa hiyo magunia yangepanda, breki za nyuma zingeendelea kudhani gari ni tupu.

Fundi alikaa kimya kidogo. "Mwenye gari wa kwanza alipandisha springi," akasema, "fimbo ikawa haifiki, akaing'oa."

Mjomba hakubishana. Fimbo ilitafutwa kwenye maduka ya spea Gerezani, ikafungwa na kurekebishwa kwa vipimo vyake. Mpunga ulisubiri siku tatu.

Kwa hiyo wadau, fundi akikuambia chuma fulani hakina kazi, mwombe tochi kwanza. Angalia nyuzi. Zikiwa zimezibwa na rangi, kiwanda chenyewe kiliiacha breketi wazi. Zikiwa zinang'aa, uliza kilichokuwepo kimekwenda wapi, na uulize kabla hujapakia watu.

Wikiendi njema.