Miguu Iliyofungwa

Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, Kiswahili ni lugha ya soko. Humo unga wa muhogo na dagaa, waitwao ndagala, huuzwa jirani. Na kila niuonapo ujirani huo hukumbuka neno konzo. Ni neno la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938. Mtoto au mama aliyelala mzima huamka miguu yote miwili imekakamaa, na ulemavu huo hauponi.

Sisi husema "amepooza", na wengine huongeza "amerogwa". Neno hilo la kwanza halitoshi. Mguu uliopooza kwa polio hulegea. Wa konzo hukaza. Naye aliyeathirika ubongo wa nyuma hupepesuka kama mlevi.

Konzo huletwa na sianidi ya muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, hasa penye njaa na pasipo samaki wala nyama, ambavyo huusaidia mwili kuiondoa sumu. Nampula, Msumbiji, ukame wa mwaka 1981 uliwalemaza zaidi ya watu 1,000.

Basi mgonjwa akiletwa, ningependa aulizwe kwanza: muhogo ulilowekwa siku ngapi, na kitoweo kilikuwa nini?