Waya wa Kuzuia Nati

Wenzangu bwenini hucheka nisemapo kwamba nataka kuunda ndege. Lakini kule Marekani watu huziunda nyumbani. Kampuni ya Van's Aircraft, ya Oregon, huwauzia vipande, nao huviunga wenyewe.

Lililonishika sana katika habari hizo ni jambo dogo. Nyuma ya kila bawa pana flapu, ambayo hushushwa wakati wa kutua ili ndege iende polepole bila kuanguka. Mota yazungusha parafujo, fimbo yatoka, na flapu zashuka. Kichwa cha fimbo hiyo kimeshikwa kwa hesi tu. Mtikisiko ukikilegeza hata kikafunguka, upepo huzisukuma flapu juu ghafula, na ndege huzama ilhali ardhi i karibu!

Basi nati ya kukazia haitoshi. Fundi hutoboa tundu, hupitisha waya mwembamba wa milimita 0.8 hivi, akausokota, akauelekeza uvute upande wa kukaza. Ukivuta kinyume, kazi yapendeza macho lakini haizuii kitu. Najizoeza kwa bolti kuukuu za karakana yetu, na mwalimu wa ufundi hujaribu kila moja kwa spana.