Pilipili za Baba katika Eda ya Mama

Baba yetu, Allah amrehemu, alifariki dunia mwishoni mwa kipupwe, na mti wake wa pilipili mbuzi ukakauka kabla ya wiki tatu kutimia. Ulikuwa katika kona ya ua wa nyumba yetu ya Tanga, karibu na karo, na siku zile za msiba maji yalichotwa hapo hapo tangu alfajiri kwa ajili ya masufuria ya wali na mabirika ya chai. Watu waliutundikia vitambaa vya kuanika. Hakuna aliyekumbuka kuumwagilia. Sisi tuliotoka Dar es Salaam na Mombasa tulidhani wenyeji wanauangalia, na wenyeji, yaani mdogo wetu wa kiume na mkewe, walikuwa na wageni zaidi ya 60 wa kulisha.

Mama ndiye aliyeuona. Ilikuwa siku ya 19 ya eda yake. Alisimama katika mlango wa uani akasema bila kupaza sauti: "Wanangu, mmeuacha mti wa baba yenu ukafa na maji yapo." Kisha akarudi chumbani.

Huenda msomaji akauliza mti mmoja wa pilipili una thamani gani, ilhali sokoni fungu zima hununuliwa kwa fedha kidogo. Katika nyumba yetu ulikuwa nayo. Pilipili mbuzi, ile nene iliyojikunjakunja, humtangulizia mtu harufu kabla ya ukali, na Mama alikuwa akiitia nzima katika mchuzi wa samaki, ikaelea bila kupasuka, halafu wakati wa kupakua huitoa kwa kijiko na kuiweka pembeni mwa sahani ya Baba. Alifanya hivyo kwa muda wote wa ndoa yao. Tangu msiba hakuwa akila ila kijiko kimoja au viwili. Tulimletea pilipili za sokoni tukidhani tumepata dawa; alionja akasema, "Hii inawasha tu," akaisukuma sahani. Kufikia wiki ya tatu nguo zake zilikuwa zikimpwaya, nasi tulikuwa tukitazamana bila kusema.

Juu ya ule mti mkavu zilibaki pilipili mbili. Moja ilinyauka ikiwa bado kijani, na mbegu zake zilikuwa nyembamba kama makapi. Nyingine ilikuwa imeiva ikakaukia mtini. Hiyo ilitupatia mbegu 38, za rangi ya majani makavu, tulizozihesabu usiku juu ya gazeti kwa mwanga wa simu kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Mmoja wetu akajipangusa jicho kwa kidole kile kile. Aliyewahi kukata pilipili mbuzi anajua kilichofuata. Ukali wake haumo hasa ndani ya mbegu. Umo katika utando mweupe unaozishikilia, kisha huzipaka mbegu na vidole, wala hauondoki kwa maji matupu kwa kuwa huyeyuka katika mafuta. Mama alitoka kwa zile kelele, akamsugua vidole kwa mafuta ya nazi na kisha kwa sabuni, akamwacha machozi yamwoshe jicho. "Baba yenu alifanya hivyo kila mwaka," alisema. Hilo hatukuwa tukilijua. Baba alisia mbegu zake mwenyewe, na sisi hatukuwahi kumuuliza anafanyaje.

Kwa kutojua huko tukaharibu mbegu 20. Tulichukua kopo la maziwa ya unga lisilo na tundu hata moja, tukajaza udongo wa uani unaonata kama ugali, tukazididimiza mbegu kwa kidole mpaka kiungo cha pili. Kila aliyepita alilimwagia maji, kana kwamba analipa deni la ule mti. Wiki tatu zikapita. Tulipofukua tukakuta mbegu zimeoza, zinapondeka vidoleni. Zilibaki 18, nazo Mama akazichukua kutoka mikononi mwetu, akazifunga katika pindo la kanga.

Hapo ndipo shangazi yetu mmoja, mtu mwema aliyetupikia siku zote zile, alipotukataza. Alisema mwenye eda hashiki udongo. Tulikuwa tumeshasikia mengi ya namna hiyo: kwamba hatazami kioo, kwamba haogi ila Ijumaa, kwamba hasemi na mwanamume yeyote asiye mwanawe hata kwa haja. Tukaona tumuulize ustadhi anayefundisha watoto wa mtaani kwetu badala ya kubishana na mkubwa wetu. Jibu lake lilikuwa fupi. Aliyefiwa na mume, asipokuwa mjamzito, hukaa eda miezi 4 na siku 10. Hujiepusha na mapambo, manukato na mambo ya posa, na hukaa nyumbani kwake asitoke pasipo haja. Kazi ya mikono yake ndani ya nyumba yake hakuna aliyeiharamisha. Tulipompelekea Mama habari hizo alituuliza kwa uso mkavu kabisa: "Na harufu ya pilipili, hakusema kama ni manukato?" Tukamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifanya mzaha tangu siku ya mazishi.

Jirani yetu ni bwana shamba mstaafu, rafiki wa Baba wa miaka mingi. Mama hakutaka kukaa naye uso kwa uso katika hali ile, na mzee mwenyewe asingetaka. Basi masomo yalifanyika kupitia dirisha la upande, sisi tukiwa wachukuzi wa maneno. "Mwambieni shemeji mbegu hizi zataka joto, nyuzijoto 25 hadi 30, mchana na usiku." Tukamwambia. "Mwambieni shemeji mimi sina kipimo cha joto, nina friji inayounguruma." Mzee akanyamaza kidogo, akasema friji inatosha, ziwekwe juu yake upande wa nyuma.

Udongo ulichanganywa upya: sehemu mbili za udongo mwepesi wa chini ya mwembe, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri, sehemu moja ya mchanga. Ukamwagiwa maji yanayochemka ili kuua vimelea, ukaachwa upoe mpaka kesho yake. Mbegu zililala usiku mmoja katika maji ya uvuguvugu. Tulitoboa vikombe vya mtindi kwa msumari wa moto, na Mama akafukia mbegu moja moja kwa kina cha nusu sentimita tu, akazifunika kwa udongo aliouchekecha baina ya vidole, akatandaza nailoni juu. Aliifanya kazi hiyo ameketi juu ya mkeka uani, kwa utaratibu ule ule anaoutumia kuchagua mchele, na hakutaka msaada wetu. Nadhani ni haki yake.

Siku ya tisa, baada ya Sala ya Alfajiri, alituamsha wote. Katika kikombe kimoja kilikuwa kimetokeza kikonyo cheupe kilichoinama kama aliye katika rukuu, kofia ya mbegu ikiwa bado kichwani. Pilipili mbuzi hazina haraka. Nyingine zilituchelewesha mpaka siku ya 20. Katika 18 ziliota 12.

Hazikubaki 12. Tuliiacha nailoni juu ya vikombe siku kadhaa baada ya mbegu kuota, na kinyausi kikaingia. Msomaji aliyewahi kupanda nyanya au mchicha anakijua: asubuhi unakuta shina limekonda kama uzi pale linapogusana na udongo, na mche umelala, kumbe jana ulikuwa mzima. Minne ilikwenda hivyo. Kutoka dirishani tukaambiwa tuondoe nailoni, tuziweke penye mwanga zisije zikarefuka kwa kuutafuta, tumwagilie asubuhi tu na kwa kiasi, tena kwa kukiweka kikombe katika sinia la maji kinywe kutoka chini. Ikabaki minane. Kisha kuku wa nyumba ya pili akaingia uani na kudonoa mitatu kwa wakati mmoja. Mwenye kuku alituletea kuku huyo kwa aibu, tukamla Ijumaa, bila pilipili.

Kwa ajili ya ile mitano Mama akahamia uani. Mche uliokulia kivulini hauwezi kutupwa juani siku moja, majani yake huungua. Huzoeshwa saa moja leo, mbili kesho, hadi wiki ipite. Alivitoa vikombe mwenyewe, akaketi kando yake na fimbo ya kufukuzia kuku, na kwa kuwa alikuwa pale, chai yake ililetwa pale, na uji, na baadaye mkate. Hatukumhimiza ale. Tulikuwa tukimuuliza habari za miche.

Ilipofikisha majani halisi sita, kama wiki saba baada ya kusiwa, tuliihamishia minne katika ndoo kuukuu za rangi zilizosuguliwa na kutobolewa. Wa tano Mama alitaka upandwe pale pale pa mti wa zamani. Tulimuuliza mzee iwapo ni sawa, akasema angekataa kama ule wa kwanza ungekufa kwa maradhi, kwa kuwa maradhi ya pilipili hubaki udongoni. Lakini ule mliuua kwa kiu, alisema, basi pandeni. Neno hilo tulilikubali, maana ni kweli.

Eda ilipokwisha, miti ilikuwa inafika magotini, ina vitumba vya maua. Wanawake wa mtaani walikuja, kukasomwa dua, Mama akaoga akavaa nguo aliyoshonewa na binti zake. Safari yake ya kwanza nje ya nyumba ilikuwa ya hatua thelathini. Alikwenda kwa jirani kumsalimu mke wa yule mzee, na nyuma yake mdogo wetu akibeba ndoo moja yenye mti.

Ilikuwa Januari, kaskazi imechachamaa, na maua ya kwanza yote yakapukutika. Mama alitupigia simu mmoja baada ya mwingine kutuambia. Joto likizidi, hasa usiku, pilipili hudondosha maua. Aliisogeza miti yenye ndoo penye kivuli cha adhuhuri, akapunguza samadi, akawa hakosi saa yake ya kumwagilia. Mwezi uliofuata yakakamata.

Miti mitatu ilizaa kama wa Baba. Wa nne, katika ndoo ya bluu, ulitoa pilipili ndogo nyembamba zinazotazama juu. Bwana shamba, ambaye sasa anasalimiana na Mama barazani, alieleza kwamba nyuki walichanganya maua ya Baba na ya pilipili kichaa za nyumba ya nyuma, na mchanganyiko huo hauonekani katika tunda lenyewe. Huonekana katika mti unaotoka kwenye mbegu yake. Shangazi alishauri ung'olewe. Mama akasema, "Huo nao ni wa baba yenu." Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba mbegu zake.

Pilipili ya kwanza kuiva ilichumwa Machi, tukiwa wote nyumbani. Ilielea nzima katika mchuzi wa changu. Mama alipopakua aliitoa kwa kijiko kama ilivyokuwa desturi, akakaa nayo kidogo hewani, kisha akaiweka pembeni mwa sahani yake, akala.

Tulipoondoka kila mmoja alipewa mbegu 15 zilizokaushwa kivulini, zimesokotwa katika kipande cha gazeti hili, pamoja na onyo kwamba zisiwekwe kabatini kama kumbukumbu, kwani kila mwaka unaopita hupunguza zitakazoota. Zetu za Dar es Salaam tumezisia katika vikombe vya mtindi, ghorofa ya tatu. Leo ni siku ya 11. Asubuhi Mama alipiga simu, na kabla hata ya kuitika salamu yetu akauliza kama zimeota. Tukamwambia bado.

"Mmeziweka wapi?"

Dirishani, tulisema.

"Dirishani kuna upepo. Zipandisheni juu ya friji."