Moto Wenye Kutoka mu Zizi la Ngombe

Ukitoka Lubumbashi asubuhi mapema kwa barabara ya Kasenga, utapishana na watu wa makala. Wanasukuma kinga zenye kubeba magunia mpaka mwenye kusukuma haonekani. Kila gunia lilikuwa muti. Misitu inazidi kuwa mbali na mji, na mama wa nyumba ndiye analipa ile safari kila mara anapowasha mbabula.

Sasa tuache barabara, tuingie mu shamba la shule lenye ngombe ine. Usizibe pua, angalia kwanza.

Ngombe mumoja mwenye kulala mu zizi anatoa karibu kilo 10 za mavi kwa siku. Wanafunzi wanachanganya ndobo moja ya mavi na ndobo moja ya maji, wanaondoa mawe na majani, kisha wanamwaga mu shimo. Shimo limejengwa na matofali na simenti, sawa nyungu kubwa yenye kufunikwa chini ya udongo. Hewa haiingii. Humo vijidudu vidogo sana vinakula mavi na kutoa gazi. Sehemu yake kubwa ni metani, yenye kuwaka. Inapanda, inapita mu tiyo, inafika jikoni. Washa kiberiti, fungua robine: moto wa bluu, bila moshi wa kuumiza macho ya mama.

Tufanye hesabu. Kilo 1 ya mavi inatoa karibu litri 40 za gazi. Ngombe ine wanaleta kilo 40, ni kusema litri 1,600 kwa siku. Jiko moja linakula karibu litri 400 kwa saa. Basi ni saa ine za moto. Inatosha kupika bukari na sombe ya jamaa moja ao mbili. Mwenye kukuambia kama itapikia watoto 300, anakudanganya.

Tena shimo jipya linaomba wiki kadhaa mbele ya kutoa moto. Mu baridi ya mwezi wa sita na wa saba gazi inapunguka. Na mutu asiwashe moto karibu na shimo, wala asishuke ndani: ile gazi inaua.

Mavi yenye kutoka ngambo ya pili haina tena harufu kali, lakini mbolea ingali ndani. Mahindi na mboga zitashukuru, kwa maana udongo wetu umechoka.

Na si mavi ya ngombe tu yenye kufaa. Kule Cyangugu, Rwanda, ngambo ya Ruzizi ukitoka Bukavu, gereza lilianza kupikia gazi ya vyoo vyake mwaka 2001, na kuni zikapunguka.

Vijana, mbele ya kuomba simenti kwa wakubwa wa shule, jibuni maulizo matatu. Ngombe wenu ni wangapi? Usiku wanalala mu zizi ao porini? Maji iko mbali gani? Majibu ndiyo yatawaambia kama mutachimba.