Picha Iliganda, Kwaya Ikaendelea Kuimba

Bibi yangu alizikwa katikati ya mitihani, sikuweza kwenda. Mwenzangu wa darasa, ambaye natoka naye parokia moja, aliporudi kutoka nyumbani aliniletea flashi yenye video ya mazishi iliyopigwa kwa simu. Dakika 40. Niliinakili kwenye kompyuta yangu ya Linux, nikafunga mlango.

Dakika ya 3, jeneza likitolewa nje, kioo kikaganda. Mshale haukusogea. Niliiacha kidogo, kisha nikashikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikazima. Niliporudia, dakika ya 5, vilevile.

Nikamfuata mwenzangu bwenini, nikamwambia mbele ya wengine kwamba flashi yake ina virusi na ameniharibia kompyuta. "Pole, Frateri," akasema, basi.

Muhula huohuo tulikuwa tumesoma katika mantiki kosa liitwalo post hoc ergo propter hoc: kudhani kwamba kilichotangulia ndicho chanzo. Alama nilizopata nisizitaje.

Usiku nikakumbuka kitu. Picha ilipokuwa imeganda, kwaya ilikuwa bado inaimba. Kama faili lingekuwa bovu, sauti ingepona vipi? Linux huandika yanayotokea ndani yake, kama karani mwenye daftari. Nikaandika amri journalctl -k -b -1, inayoonyesha ujumbe wa keneli tangu kompyuta ilipowashwa mara iliyopita hadi ilipozimika. Karibu na mwisho kulikuwa na maneno GPU HANG: chipu ya picha imeacha kuitika.

Siku tatu kabla ya flashi kufika nilikuwa nimesasisha mfumo. Keneli mpya iliingia, nayo huja na viendeshi vyake. Lakini hilo nalo lilikuwa jambo lililotangulia tu, na safari hii sikutaka kuhukumu haraka. Mifumo mingi ya Linux huhifadhi keneli ya zamani, na unaweza kuichagua kwenye orodha ya kuwashia. Nikaichagua: video ikacheza. Nikarudi kwenye mpya: ikaganda. Ya zamani tena: ikacheza. Mwisho, nikiwa kwenye keneli mpya, nilizima katika VLC kile kipengele kinachokabidhi kazi ya kufumbua video kwa chipu ya picha, prosesa ikaifanya peke yake. Feni ilivuma kama mashine ya kusaga, lakini picha haikuganda. (Mwenye tatizo kama hili aanzie hapo, ndiyo njia rahisi kuliko zote.)

Nikaitazama yote, hadi watu walipoweka mashada.

Asubuhi, wakati wa chai, nilimwomba mwenzangu msamaha mbele ya walewale waliokuwepo bwenini. Alikoroga chai yake kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nimesikia pale kwaya yetu ilipopotea kwenye ubeti wa pili.

Nilikuwa nimesikia.